Mteja wa Kwanza wa Mzee Chandu

Polycarp alilala chali chini ya ngazi ya saruji, nyuma ya maduka ya Mtaa wa Mchikichi. Tai yake ilikuwa imekaa sawasawa. Damu ilikuwa imetoka kisogoni ikatiririka hadi kwenye mfereji, na nzi walishapata habari. Macho yake yalikuwa yamefumbwa.

Inspekta Vitalis Komba alivua kofia, akachutama kando ya maiti.

"Nani amemfumba macho?" aliuliza.

"Tumemkuta hivyo, afande," alijibu Sajini Sabaha.

"Mtu akipasuka kichwa hivi hajifumbi macho mwenyewe."

"Basi atakuwa huyu." Sajini alinyoosha kidole ukutani.

Huyu alikuwa Bakili, hamali aliyejulikana Kariakoo nzima, mtu wa Lindi, mabega mapana na moyo wa kucheka ovyo. Asubuhi hiyo hakuwa akicheka. Askari wawili walikuwa wamemshika, na mikono yake ilikuwa na damu hadi kwenye viwiko. Mdomoni mwa uchochoro watu walikuwa wameshajazana, kila mmoja akimweleza mwenzake mambo ambayo hakuyaona.

Ilikuwa mwaka 1976. Mnaoijua Kariakoo ya leo, ya maghorofa na vioo, mtanivumilia kidogo. Ile yetu ilikuwa ya nyumba za bati na baraza. Soko jipya lilikuwa limefunguliwa majuzi tu, na watu walikuwa bado wakisimama barabarani kulishangaa paa lake la zege. Asubuhi redio zote za mtaa zilisoma habari ile ile kwa sauti ile ile, hivyo ukitembea kutoka Gerezani hadi Msimbazi hupitwi na neno. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ilikuwa ya kujuana, na kila mtu alikuwa ndugu, hata yule unayemdai. Na bado tulicheka sana. Sijui tulikuwa tukicheka nini, lakini nayakumbuka meno ya watu.

Marehemu alikuwa wakala wa Kampuni ya Kadi Raha, yenye makao yake ghorofani huko Posta. Kampuni hiyo iliwapa makarani, walimu na wafanyakazi wa mashirika kadi ngumu ya plastiki yenye jina lililotuna. Ukiwa nayo hukuhitaji fedha mfukoni. Unaingia dukani, unachagua, unatoa kadi. Mwenye duka anailaza kwenye mashine ndogo ya chuma, anaweka karatasi juu yake, anavuta mkono wa mashine kwenda na kurudi, na jina lako linajichapa. Mwisho wa mwezi kampuni inakata mshahara wako huko huko kazini. Basi walimu waliozoeleka kwa suruali moja wakaanza kuonekana na mbili, na mji ukaisifu kadi. Wenye maduka hawakusikika wakiisifu, ila hakuna aliyekuwa akiwauliza.

Ofisi ya Polycarp kwa upande wa Kariakoo ilikuwa chumba kimoja, juu ya ngazi ile ile aliyofia.

* * *

"Jina?"

"Bakili Mtipa."

"Kazi?"

"Afande unanijua. Ulipohamia Magomeni kabati lako nililibeba mimi."

"Jibu swali."

"Hamali."

"Jana jioni uligombana na marehemu."

"Nilimbebea masanduku ya mashine zake toka Posta mpaka ofisini kwake. Nilipotaka ujira akaniambia kampuni italipa mwisho wa mwezi. Nikamwambia mimi nakula leo."

"Ukasema utamvunja shingo."

"Nilisema." Bakili aliinamisha kichwa. "Kariakoo nzima husema hivyo kila siku, afande, na shingo zote zipo."

"Na leo asubuhi?"

"Nilimfuata ujira wangu. Nikamkuta chini. Nikamwinua kichwa nisikilize kama anapumua. Ndiyo damu hii."

"Halafu ukamfumba macho."

"Hapana. Yalikuwa yamefumbwa. Ndiyo maana nilidhani amezimia tu, nikamwinua."

Inspekta aliyaandika hayo. Bakili aliifuata kalamu kwa macho, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Afande, watanitia kamba?"

Kosa la kuua kwa kukusudia adhabu yake ilikuwa moja, na wote wawili waliijua.

Nje ya chumba cha mahojiano, Mkuu wa Kituo alikuwa akisubiri na kikombe cha chai mkononi.

"Damu mikononi, vitisho mbele ya mashahidi, kakutwa juu ya maiti," alisema. "Unataka nini tena, Komba? Kesho asubuhi apandishwe kizimbani kwa mauaji."

"Naomba nafasi leo, mkuu. Sijaridhika."

"Mpaka jioni. Usiniletee hadithi."

* * *

Daktari wa polisi, Ravindra, alikuwa mtu mfupi asiyependa maneno mengi. Alifunua shuka.

"Kilichomwua ni ncha ya ngazi. Fuvu limepasuka kisogoni."

"Alianguka au aliangushwa?"

"Tazama kifua."

Kulikuwa na michubuko miwili, mmoja kila upande wa mfupa wa kifua, imekaa mstari mmoja.

"Alisukumwa kwa kitu," daktari alisema. "Kitu cha chuma, chenye kona. Si mkono mtupu."

"Hamali huwa na gunia au sanduku."

"Gunia halina kona. Na sanduku kubwa lingechubua kwa upana zaidi. Hiki kilikuwa kitu cha kushikwa kwa mikono miwili, hapa kwenye tumbo." Daktari aliweka mikono yake mbele ya tumbo lake kama anayebeba sinia. "Mtu alikuwa akimpa kitu, Inspekta. Au akimrudishia."

* * *

Duka la Mzee Chandu lilikuwa la nguo: kanga, vitenge, kaniki, na vitambaa vya suruali vilivyosimama wima kwenye pembe. Lilikuwa penye mdomo wa uchochoro, kiasi kwamba mtu akitokea kule nyuma lazima apite mbele ya baraza lake. Ndani kulikuwa na picha ya Lakshmi, mungu wa neema wa Wahindu, ukutani, na chini yake ubani wa kijiti ulikuwa ukifuka. Vitalis aliivuta harufu ile kwa pua zote mbili. Miaka yote aliyokuwa mjini, harufu ile haikuwa imebadilika, na alikuwa akiishukuru kwa hilo.

"Shikamoo, mzee Chandu."

"Marahaba, Vitalis."

Mzee hakuwahi kumwita Inspekta. Alimjua tangu akiwa kuruta, kaptura ya Serikali ikimpwaya. Mkewe, Ranjanben, alikuwa nyuma ya meza akikunja kanga. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja.

"Umesikia yaliyotokea huko nyuma."

"Nimesikia. Mungu amrehemu."

"Leo ulifungua saa ngapi?"

"Saa mbili kasoro. Kama siku zote."

"Ulimwona mtu akitoka uchochoroni?"

"Sikumwona mtu."

"Mteja wako wa kwanza nani?"

"Tarsis, yule karani wa Posta. Alichukua kitambaa cha suruali. Kwa kadi."

"Kabla yake?"

"Hakuna. Ndiye wa kwanza."

Mikono ya Ranjanben ilisimama juu ya kanga. Kisha ikaendelea.

Kwenye meza, karibu na mita ya kupimia nguo, palikuwa na mashine ya kadi. Inspekta aliinyanyua. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, upana wake kama kifua cha mtu, na kona zake zilikuwa kali. Aliishika kwa mikono miwili, mbele ya tumbo, kama daktari alivyomwonyesha.

"Hii leo ilitoka humu dukani?"

"Haitoki. Siku utakayosikia imetoka, ujue nimekwenda kuitupa Feri, wakaanikie dagaa."

"Kwani inakukosea nini?"

"Inanikata sita kwa mia." Mzee Chandu alicheka kidogo, bila furaha. "Bei napangiwa na Serikali. Nikiongeza hata senti, wewe Vitalis utakuja kunikamata kwa ulanguzi."

"Nitakuja."

"Najua utakuja. Basi hiyo sita inatoka wapi? Inatoka humu." Alijipigapiga tumboni. "Na siwezi kuikataa kadi, maana karani atakwenda duka la pili. Mimi nina watoto London, mmoja wao, Chandrika, hunitumia kidogo. Mwenye duka dogo kuliko langu sijui anakula nini."

Duka dogo kuliko lake lilikuwa la jirani.

* * *

Klara Mapunda, mjane kutoka Peramiho, aliuza sare za shule katika chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mashati meupe yalining'inia juu, kaptura za kaki na sketi za buluu zilipangwa chini. Inspekta alipofika alikuta mwalimu mmoja ananunua mashati ya wanawe. Mwalimu alitoa kadi. Klara aliilaza kwenye mashine, akavuta mkono wa chuma, ukakwama njiani. Akauvuta tena kwa nguvu.

Mwalimu alipoondoka, Inspekta aliuliza, "Unauza vizuri, mama Klara?"

"Nauza sana, afande. Ndiyo taabu yenyewe."

"Taabu vipi?"

"Shati hili shilingi ishirini, bei ya Serikali. Faida yangu humo ni shilingi mbili. Sasa kampuni haikati kwenye zile mbili. Inakata kwenye ishirini. Inaondoka na shilingi na senti ishirini, mimi nabaki na senti themanini, na hizo nazisubiri mwezi mzima. Aliyenishonea mashati hasubiri mwezi." Alilainisha kanga aliyojitanda. Ilikuwa kanga mpya, bado ina ugumu wa dukani. "Zamani mwalimu alikuwa ananiambia, mama Klara nitakulipa tarehe fulani, na tarehe ile anakuja. Hakuna aliyekaa katikati yetu."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa dukani."

"Ulimwona Polycarp?"

"Kila mtu amemwona Polycarp." Akageukia mashati. "Afande, Bakili watamfanya nini?"

"Kesho mahakamani. Kwa mauaji."

Klara aliangusha hanga. Aliinama kuiokota, akakaa huko chini muda mrefu kuliko hanga ilivyohitaji.

Inspekta aliitazama mashine yake. Rangi ilikuwa imebanduka kwenye kona. Lakini mashine zote za mtaa ule zilikuwa zimebanduka rangi, na huwezi kumfunga mtu kwa ajili ya rangi.

* * *

Tarsis alikuwa karani katika ofisi moja ya Posta, kijana nadhifu, nywele zimechanwa kwa bidii. Alisimama alipowaona polisi, akakaa, akasimama tena.

"Kaa, ndugu Tarsis," Inspekta alisema. "Leo ulinunua kwa Mzee Chandu?"

"Ndiyo, ndugu Inspekta. Kitambaa. Nilipita kabla ya kazi."

"Ulimkuta mteja mwingine?"

"Hapana. Mzee na mkewe tu."

"Ukalipa kwa kadi."

"Ndiyo. Nimebahatika, maana huwa ananikalisha."

"Anakukalisha wapi?"

"Kwenye benchi la nje. Nikiwahi asubuhi hunisimamisha na kadi yangu mkononi, ananipa kahawa, mpaka aje mtu mwingine anunue kwa fedha taslimu. Siku moja nilichelewa kazini kwa ajili hiyo. Leo aliipokea hapo hapo."

Vitalis Komba alibaki ameinua kalamu.

"Kukaa kwenye benchi kuna nini, afande?" Sajini Sabaha aliuliza walipokuwa kwenye ngazi.

"Twende kwanza," alisema. Akapanda gari.

Alikuwa amelikumbuka benchi lile. Ilikuwa mwaka wa uhuru, yeye kuruta asiye na senti, na gwaride lilikuwa kesho yake. Alikwenda kwa Mzee Chandu, ambaye siku hizo aliuza na viatu, alfajiri kuomba jozi moja kwa ahadi ya mshahara. Mzee alimtazama miguu, akasema, "Viatu nitakupa. Lakini kaa hapo kwanza. Siwezi kufungua siku kwa ahadi." Akakaa. Jua likapanda. Wakapita wauza maziwa, wakapita mafundi cherehani na mashine zao vichwani. Mwishowe akaja bibi mmoja wa Kimanyema akanunua kibunda cha uzi. Mzee alizipokea zile senti kwa mkono wa kulia, akazigusisha kwenye paji la uso, akaziweka chini ya picha ya Lakshmi. Boni, ndivyo alivyoiita, fedha ya kwanza ya siku. Ndipo akamletea kuruta viatu vyake, na hakumwandika popote. Alimwambia tu, "Kesho piga mguu vizuri." Vitalis alivipiga viatu vile uwanjani mpaka unyayo ukauma, na kila alipokumbuka uhuru alikumbuka na benchi.

Haikuwa desturi ya Wahindi peke yao. Mwuza nyanya wa Kariakoo naye humbembeleza mteja wa kwanza, "nifungulie biashara," na yuko radhi ampunguzie ilimradi aone fedha. Lakini Mzee Chandu hakuwahi kuivunja hata siku moja, wala wakati wa vita, wala asubuhi waliyomzika mwanawe wa kwanza.

* * *

Jua lilikuwa limeshaanza kulegea waliporudi. Mzee Chandu alikuwa akiingiza vitambaa ndani.

"Mzee," Vitalis alisema, "leo nani amekufungulia?"

"Nimekwambia. Tarsis."

"Tarsis alikuja na kadi."

Mzee aliacha kitambaa alichoshika.

"Ulinikalisha kwenye benchi hili mwaka wa uhuru, mpaka bibi wa uzi alipokuja. Tarsis mwenyewe umemkalisha mara ngapi? Leo ulimpokea bila neno. Fedha ilikuwa imeshaingia, mzee. Kuna mtu alikuja kabla yake."

"Nimezeeka. Siku hizi nasahau."

"Chini ya picha pale kuna nini?"

Mzee hakugeuka kutazama. Ranjanben ndiye aliyegeuka.

"Bakili yuko ndani," Vitalis aliendelea. Sauti yake ilishuka. "Yule Bakili anayekubebea mizigo. Kesho anapelekwa mahakamani kwa mauaji. Ananiuliza kama watamtia kamba, na mimi sina la kumjibu."

"Sema, baba Chandrika," Ranjanben alisema.

"Nikisema namfunga binti niliyemlea."

"Ukinyamaza wanamnyonga Bakili."

Mzee Chandu alikaa kwenye benchi. Alifunika uso kwa viganja, na mabega yake yakaanza kutikisika. Vitalis alitamani kwa moyo wote awe bado kuruta, akisubiri viatu.

"Mwache mzee, afande."

Klara alikuwa amesimama barazani. Duka lake lilikuwa limeshafungwa na kufuli linaonekana. Mikononi alikuwa na karai, na ndani yake kanga iliyorowekwa. Maji yalikuwa yamebadilika rangi.

"Nilikuwa nakuja kituoni," alisema. "Tangu uliponiambia habari za Bakili nimejaribu kuuza, nimeshindwa."

Sajini Sabaha alimpokea karai. Inspekta alimwonya kama sheria inavyotaka: halazimiki kusema, na atakalosema litaandikwa na kutumika mahakamani. Klara aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa bei anayoijua.

"Nilikwenda kumrudishia mashine yake," alisema.

"Saa ngapi?"

"Mapema, kabla mtaa haujafunguka. Nilipanda nayo mpaka juu. Nikamwambia, ndugu Polycarp, chukua chuma chako, mimi nauza kwa fedha na kwa ahadi kama zamani. Akasema mkataba ni wa mwaka. Nikiirudisha kabla ya mwaka nilipe faini, na faini yenyewe ni mali yote iliyomo dukani mwangu."

"Kisha?"

"Nikamwomba wanipunguzie. Nikamwambia nimesikia lile duka kubwa la Posta linakatwa mbili tu kwa mia, mbona mimi sita? Akacheka. Si kwa ubaya, afande. Alicheka kama mtu aliyeulizwa na mtoto. Akasema, mama, wale ndio wanaouza. Wewe unahangaika na kaptura."

Mtaani redio ya mtu ilikuwa ikisoma salamu za wasikilizaji.

"Hizo kaptura zimesomesha wanangu wawili. Nikamtia mashine kifuani, nikamwambia shika. Hakushika. Akanirudishia. Nikamsukumia kwa nguvu zangu zote. Yeye alikuwa ameipa ngazi mgongo."

"Ulikusudia aanguke?"

"Nilikusudia ashike." Machozi yalimtoka sasa, na hakuyafuta. "Nilishuka mbio. Nikamwita. Nikamfunga kichwa kwa kanga yangu. Nilipoona hapumui nikamfungua, nikamfumba macho. Ana mama yake huko kwao. Sikutaka aletewe mwana anayetazama hivyo."

"Mbona hukupiga kelele?"

"Niliogopa. Na mashine nikaibeba, nikaondoka nayo. Nilikwenda kuiacha, afande, na ndiyo niliyorudi nayo. Asubuhi yote nilikuwa naiendesha. Wamekuja na kadi zao, nami naivuta tu."

Mzee Chandu aliinua uso.

"Alitoka uchochoroni mashine iko kwapani," alisema. "Akaniambia, baba, nipe kanga. Sikuuliza kitu. Alinipa noti na sarafu. Nikazigusisha hapa." Aligusa paji la uso. "Nilipozishusha nikaona damu kwenye sarafu. Nikajua, ila sijui nilijua nini. Niliziosha, nikaziweka chini ya Lakshmi. Ningeziweka wapi? Ndizo zilizonifungulia siku."

"Kwa nini ulificha, mzee?"

"Huyu alikuja hapa msichana, anafagia. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mita. Ule mwaka nyumba zetu zilipotaifishwa, ndugu zangu wakapanda ndege. Usiku wahuni walikuja kutazama mlango wangu. Klara alitandika mkeka kwenye baraza langu, akalala hapo mwezi mzima, na wanawe wawili ubavuni. Ndugu zangu wote, Vitalis, na aliyelala barazani ni yeye."

Klara alipiga goti mbele ya benchi, akashika miguu ya mzee kama binti wa Kihindi anavyofanya kwa baba yake. Mzee alimwekea mkono kichwani. Sajini Sabaha, ambaye pingu alikuwa ameshazitoa, alizirudisha mfukoni.

Walikwenda kituoni kwa miguu. Bakili alipotolewa na kukuta ni nani anayeingia, alikataa kuondoka. "Nirudisheni mimi," alisema, "mimi sina duka." Ilibidi Inspekta amshike mkono amtoe nje mwenyewe.

* * *

Mahakama ilimtia Klara hatiani kwa kuua bila kukusudia. Alifungwa miaka mitatu. Vitalis alitoa ushahidi na hakuongeza neno wala hakupunguza, na jioni ile alikwenda kukaa Magomeni gizani bila kuwasha taa.

Kadi Raha haikuvunjwa na mtu. Ilijifia yenyewe, maduka madogo yalipofunga moja moja mpaka wenye kadi wakawa hawana pa kuzipeleka. Mzee Chandu aliitumia mashine yake kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Mlango wa jirani aliutunza yeye. Kodi ya chumba kile aliilipa, na Ranjanben alikuwa akifungua mara moja kwa wiki, anapangusa vumbi kwenye mashati.

Asubuhi Klara aliyofungua tena, Vitalis alikuwa ameshaacha upolisi. Hata hivyo aliamka mapema, akavaa, akapanda basi la UDA kutoka Magomeni na sarafu zimejaa mfukoni. Alipofika alikuta mwalimu mmoja amemtangulia, mgeni mtaani, anaomba mashati mawili na ahadi ya mwisho wa mwezi.

"Nitakupa, mwalimu," Klara alikuwa akimwambia. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi. "Lakini kaa hapo kwenye benchi kidogo."

Mwalimu hakuelewa, ila alikaa. Barazani kwake, Mzee Chandu alijifanya anakunja kitambaa.

"Habari za asubuhi, mama Klara," Vitalis alisema. "Nataka kaptura ya mwanangu."

Klara alimtazama. Alichagua kaptura, akaipima kwa macho, akaifunga kwenye gazeti. Vitalis alimhesabia sarafu kwenye kiganja cha kulia.

Hakuzigusisha usoni mara moja. Alizigeuza upande huu na upande huu, moja baada ya nyingine, akazitazama kwa makini. Aliporidhika kuwa ni safi aliziinua, akaziweka kwenye paji la uso, akafumba macho.

"Haya, mwalimu," alisema baadaye. "Sasa njoo."